Bi Rumaisa na Tangi la Maji

Watu wa mtaa wetu wa Free Area, hapa Nakuru, wakisikia kwamba tulivuka bahari na watoto kwa mashua ya tanga, swali lao ni moja tu: "Hamkuogopa papa?" Papa gani bana! Papa sikumwona hata mkia. Mtu aliyenitia hofu kule majini alikuwa mama mkwe, Bi Rumaisa, na nitawaeleza vile ilikuwa, kwa sababu kuna watu hapa mtaani wanaisimulia habari hii kama walikuwepo, na wanaiharibu.

Bi Rumaisa alizaliwa Nakuru. Baba yake pia alizaliwa Nakuru. Babu yake ndiye aliyetoka Lamu, akaja na kazi ya reli, akashukia hapa, akaoa, akazikwa hapa hapa. Lakini ukimsikia mama akibishana sokoni ungedhani ameshuka jana. "Sisi watu wa bahari hatuli samaki aliyelala," anamwambia mwanamke wa watu ambaye amejiuzia tilapia wake wa Naivasha kwa amani. Bahari yenyewe alikuwa ameiona mara moja maishani, alipoenda harusi Mombasa. Alilowesha miguu mpaka vifundoni, akaona inatosha, akarudi kwenye biriani.

Siku Darweshi aliponipeleka kwao mara ya kwanza, nilimsikia kwa masikio yangu akimnong'onezea jirani, "Mwanangu ameniletea gunia la viazi." Ni kweli, mimi Mugure ni binti ya Nderitu wa Keringet, na viazi ndivyo vilivyonisomesha, sioni haya. Lakini lile neno nililimeza likanikwama. Tukaishi ploti moja miaka na miaka, yeye mlango wa mbele na sisi mlango wa nyuma, tukapikiana, tukauguzana, na tukarushiana vijembe kila siku ya Mungu. Mimi nilibaki Mkristo wangu, watoto wakawa Waislamu kama baba yao, na hapo hakukuwa na ugomvi. Ugomvi wetu ulikuwa wa vitu vikubwa zaidi, kama chumvi ngapi inatosha kwenye mchuzi.

Sasa, baharia ni mimi. Hapo ndipo watu hucheka, lakini wacheke tu. Nikiwa msichana nilienda Naivasha kuchuma maua, nikachoka na maua, nikapata kazi ya kuosha mashua kwenye klabu moja kando ya ziwa. Kuosha kukageuka kushikilia kamba, kushikilia kamba kukageuka kushika usukani, na upepo wa lile ziwa jioni si mchezo, unakufunza au unakupindua. Nikafunzwa. Baadaye nikaenda Kilifi kufanya mtihani wa unahodha, nikapita. Darweshi nilimpata hapo hapo klabuni, fundi wa injini mwenye mikono myeusi na maneno machache. Yeye injini, mimi upepo. Tukaelewana.

Aliyetupeleka baharini ni Daktari Kemboi, daktari wa mifugo aliyestaafu, mwanachama wa klabu. Alinunua mashua huko Shelisheli, nzuri, ya kulala watu sita, akataka iletwe Kilifi. Akaniambia, "Mugure, nenda uniletee. Ilete nzima." Shule zilikuwa zinafungwa Aprili, na kazi yenyewe ilihitaji watu wawili wa kupokezana usukani, yaani mimi na Darweshi. Watoto wangebaki na nani? Tukadhani Nyanya yao. Lakini watoto wakalilia kuja nasi, na Nyanya yao akasimama katikati ya ploti, mikono kiunoni.

"Wajukuu wangu hawaendi popote, wala hawabaki popote, bila mimi," akasema. "Ati mtu wa Keringet avushe damu ya Lamu peke yake? Astaghfirullah."

Basi akaja. Tukapanda ndege sote watano: mimi, Darweshi, Ladan wetu wa darasa la sita, Jalal ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka yote mawili, na Bi Rumaisa na buibui mpya na chupa ya pilipili ya kusaga aliyokataa kuachana nayo.

Siku za kwanza, nitasema tu ukweli, zilikuwa tamu. Ile damu ya Lamu ilitapika mpaka ikaisha, halafu mama akasimama, akajifunga leso kiunoni, ncha nyingine akaifunga kwenye chuma kilicho mbele ya jiko, akaanza kupika. Jiko la mashua linabembea ili sufuria isimwagike. Yeye akawa anabembea nalo, huku anasonga ugali na kulitukana kwa sauti ya chini. Alipika chapati baharini! Wapo wanaoshindwa kuzipika juu ya sakafu ya simiti isiyotikisika.

Maisha yakashika mwendo wake. Asubuhi Jalal anakagua mashua aokote samaki warukao waliojitupa humo. Ladan anafanya kazi ya likizo aliyopewa na mwalimu, akilalamika kwamba hakuna mtoto mwingine duniani anayefanya hesabu za sehemu katikati ya bahari. Mchana Darweshi analala, mimi niko usukani. Jioni ninalala, yeye yuko usukani. Kila mtoto amefungwa mkanda na kamba, na ole wake nimwone ameifungua. Vyombo tunaosha kwa maji ya bahari, nguo tunaosha kwa maji ya bahari, na ugali unapikwa kwa maji ya bahari kidogo ili tusitie chumvi.

Na swala. Kila wakati wa swala Bi Rumaisa anatokeza kichwa kutoka vyumba vya chini, ananiuliza, "Nahodha, kibla kiko wapi sasa?" Kwa sababu mashua inageuka, na Makka haigeuki. Ninaangalia dira, ninamwonyesha kwa mkono. "Huku Mama, kulia kwetu, karibu na ile kamba nyekundu." Anatandika msala. Mimi Mkristo wa Keringet nikawa ndiye mwonyesha kibla wa familia nzima, na sijui kama yeye aliona uchekeshaji wake. Mimi niliuona, na nilifurahi.

Sheria ya maji nilikuwa nimeisema tangu bandarini: maji ya tangi ni ya kunywa na ya kupika, basi. Mengine yote, bahari hii hapa, chota. Matangi yalikuwa mawili na yote yamejaa. Nilipiga hesabu yangu nikaona tutafika na maji ya kubaki. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Kisha upepo ukaondoka. Aprili ni mwezi wa hivyo, pepo zinabadilishana zamu na katikati hakuna aliye kazini. Tanga likaning'inia. Bahari ikawa shwari, inang'aa, na jua likatukalia kichwani. Injini tungeweza kuwasha, lakini dizeli ilikuwa ya kuingilia Kilifi kwenye mkondo na miamba, na baharia mwenye akili haguzi dizeli hiyo. Tukangoja. Hapo napo sikuogopa. Mkulima amezoea kungoja.

Siku moja asubuhi Darweshi akafungua kifuniko cha tangi la pili, akatumbukiza kijiti cha kupimia. Akakitoa. Akakitumbukiza tena. Akaniita kwa sauti ambayo huwa anaitumia injini ikiwa imekufa kabisa.

"Mama Ladan. Njoo uone."

Kijiti kilikuwa kimelowa nchani tu. Tangi la kwanza lilikuwa limeisha, hilo tulijua. La pili lilipaswa kuwa zaidi ya nusu.

Nilikagua kama kuna mahali panavuja. Hapakuwa. Na hapo hasira ikanipanda, na mimi nikipandwa huwa sichagui. Nikamgeukia Jalal: wewe na kuchezea bomba! Nikamgeukia Ladan: wewe na nywele zako, umekuwa ukiziosha! Jalal akaanza kulia, Ladan akaapa kwa Mungu. Nikamgeukia Darweshi, na yeye akanyoosha tu mikono.

"Waache watoto," sauti ikatoka nyuma yangu. "Ni mimi."

Bi Rumaisa alikuwa amesimama kwenye ngazi, kidevu juu.

"Ni wewe nini, Mama?"

"Maji. Nimekuwa nikitawadhia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Darweshi hutawadha kwa ndoo ya maji ya bahari, watoto pia, na mimi nikachukulia kwamba mama ni vivyo hivyo. Kumbe yeye alikuwa anajifungia kwenye kile choo kidogo na birika, anakanyaga pampu ya maji matamu, anaosha mikono, uso, miguu, taratibu, kama yuko kwake. Mara tano kwa siku, na birika la chooni juu yake.

"Lakini Mama," Darweshi akasema, "maji ya bahari ni twahara. Si hata sheikh amefundisha?"

"Sheikh hajaona bomba la hiki choo linakomwagia!" Akanyoosha kidole majini. "Mimi nimeona siku ya kwanza. Mnapampu, shwaa, yanaingia humo humo. Halafu mnachota humo humo. Mwataka nisimame mbele ya Mola na maji hayo? Maji ya chumvi nayajua mimi. Si ni kama yale ya ziwa letu Nakuru, yananuka ndege mpaka nguo zinanuka. Nani anatawadhia yale?"

Jamani. Bahari yote ile, inayomeza mito ya dunia nzima, mama ameipima na ziwa la Nakuru akaona ni vile vile. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo sikucheka. Nilikuwa ninawaangalia watoto wangu wawili, na bahari isiyo na upepo.

"Ungebaki Free Area," nikamwambia.

Nilisema hivyo, mbele ya wajukuu wake na mwanawe. Na nikaongeza, kwa sababu nilikuwa na lile gunia la viazi kooni miaka yote, "Ungebaki Free Area na damu yako ya Lamu, sisi tukafika salama."

Darweshi akaniita jina langu, polepole. Bi Rumaisa alishusha kidevu, akarudi chini. Na nitawaambia ukweli, saa hiyo nilifurahi.

Tukaanza kupima maji. Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni, kwa kila mtu. Mimi ndiye niliyegawa, lakini kwa vile niko usukani nikaweka jagi jikoni na kumwachia Bi Rumaisa awape watoto na ajichukulie. Yeye sasa alikuwa anatawadha kwa ndoo, lakini achote Ladan mbele kabisa, kwenye ncha, "mahali ambapo mashua haijafika," na lazima choo kiwe hakijaguswa. Sawa. Hapo alikuwa na akili.

Aliniita nahodha bado, akiuliza kibla. Lakini hakunitania tena. Nilidhani amenuna, na mtu akinuna na mimi ninamwacha anune mpaka achoke.

Kitu kilichonishtua ni sauti yake. Alasiri moja alitokeza kichwa, akauliza kibla, na lile neno likatoka limekauka, limekatika katikati. Nikamwangalia vizuri. Midomo ilikuwa imepasuka. Macho yameingia ndani. Nikamwonyesha kwa mkono, akageuka kwenda, akaelekea upande mwingine kabisa, kisha akasimama akishika ukuta kama mtu aliyesahau yuko nyumba gani.

"Nyanya ana nini?" nikamuuliza Jalal.

"Amefunga," Jalal akasema.

"Amefunga tangu lini?"

"Tangu ile siku mlizozana. Anafunga kila siku. Anasema mtu akifunga kikombe chake ni cha watoto."

Ngai! Mnaelewa alichofanya? Hakuna Mwislamu atakayemuuliza mwenzake kwa nini umefunga, na mimi Mkristo ndiyo kabisa, nitaanzia wapi? Darweshi alijua mama yake hufunga Jumatatu na Alhamisi tangu zamani, akaona ndiyo hayo. Jioni anafuturu mbele yetu, analoweka midomo kwenye kikombe, anakiweka chini, na mtu akigeuka kinaingia kwa Jalal. Kwenye jua lile. Kwa umri ule.

Nikashuka chini mbio. Alikuwa amelala kwa msala, hajamaliza swala. Nikamshika mkono, ngozi yake nikaivuta ikabaki imesimama haishuki. Nilimwita. Akafungua macho, akaniita jina la dada yake aliyekufa.

Darweshi alipoona, alilia. Mwanamume yule wa maneno machache alikaa chini ya ngazi akalia kama Jalal. Nikachukua maji yaliyobaki kwenye jagi, nikamwinua mama kichwa, nikamtia midomoni. Akafumba midomo. Maji yakamtiririka shingoni, yakapotea.

"Watoto," akasema. Basi.

"Tuite meli," Darweshi akasema. "Mugure, ita meli."

"Redio yetu inafika mahali jicho linafika, Darweshi. Unaona meli?"

Hakuna. Tulikuwa na kifaa kimoja cha kuomba msaada, unabonyeza na watu wa nchi kavu wanajua ulipo. Lakini kujua si kufika. Kutoka pwani mpaka tulipokuwa ni siku kadhaa, na mama hakuwa nazo. Nikapanda juu. Nikazunguka na macho, pole pole, kama vile baba yangu anavyotazama milima ya Mau asubuhi kabla hajaamua kama atapanda au atangoja.

Na nikaliona. Kusini, mbali, wingu moja. Jeusi chini kama limechovywa, na chini yake pazia la kijivu linaburuta juu ya maji.

Sasa nisikilizeni. Kila baharia amefunzwa neno moja kuhusu wingu la namna hiyo: kimbia. Lina upepo wa kuvunja mlingoti, lina radi, na mlingoti wako ndio kitu kirefu peke yake kote huko. Unalikwepa, na ukishindwa kulikwepa unashusha kila kitu unaomba. Mimi mwenyewe nimewafunza vijana wa klabu hivyo hivyo.

"Washa injini," nikamwambia Darweshi.

Akatazama nilikokuwa nikitazama. "Mugure, unataka kwenda *kule*?"

"Kule."

"Hiyo dizeli ni ya Kilifi!"

"Kilifi nitaingia kwa tanga, nikishindwa nitavutwa na wavuvi, wanicheke. Washa."

"Na radi?"

"Baba Ladan. Mimi ni mtu wa Keringet. Nimeona watu wanakimbilia mvua, sijaona anayeikimbia. Mama yako anakufa kiu. Washa injini, na kile kifaa kiweke karibu. Tukilikosa hilo wingu, utabonyeza."

Akawasha. Sikuwa na shaka hata chembe, na mpaka leo sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Nafikiri ulitoka kwa hasira. Nilikuwa nimemkasirikia yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumkasirikia. Afe vipi kabla hatujamaliza maneno yetu?

Wingu lilikuwa linatembea, nasi tukaenda kulikata mbele, kama unavyomkata njia ng'ombe aliyetoroka. Nikiwa usukani nilitoa amri. Tanga la mbele likaviringwa. Lile kubwa tukalishusha likalegea juu ya mti wake kama hori refu la kunyweshea ng'ombe, tukauinua mti huo upande wa nyuma ili maji yateremkie mlingotini, na hapo Ladan akasimamisha ndoo akaifunga. Sufuria zote, beseni, birika, masanduku ya plastiki, vyote juu. Jalal nikamfungia chini kwa Nyanya yake, nikamwambia amshike mkono na asiuachilie.

Upepo ulitangulia. Uligonga mashua ikalala ubavu, vyombo vikagongana chini, nikamsikia Jalal akipiga yowe, na mimi nikawa nimeng'ang'ania usukani kwa mikono na magoti. Radi ikapiga mahali karibu mpaka nikanusa harufu ya kuungua. Darweshi akawa anasoma kila aya aliyoijua. Kisha mvua ikashuka.

Aisee, mvua. Nene, baridi, nzito, kama ile ya Keringet inayozima sauti ya mtu aliye mbele yako. Ladan akapiga kelele, akaikimbilia ndoo.

"Mwaga hiyo ya kwanza!" nikampigia kelele. "Ina chumvi ya tanga! Mwaga!"

Kwetu mvua ya kwanza ya mabati hatuikingi, ina vumbi na kinyesi cha ndege. Iache ioshe, ndiyo ukinge. Ladan akamwaga, akalia kwa uchungu wa kumwaga. Ya pili akaonja, akamwaga. Ya tatu akaonja, akanitazama, nywele zimemganda usoni.

"Tamu, Mathe! Ni tamu!"

"Kinga!"

Tulikinga. Tukajaza ndoo, tukajaza sufuria, Darweshi akawa anamimina tangini kwa mfereji wa kitambaa cha kichwa chake. Wingu lilituzungusha, likatutikisa, likatuachia maji, likaenda zake. Nikamwachia Darweshi usukani, nikachukua kikombe, nikachota ndooni, nikatia sukari na chumvi kidogo kama tulivyofundishwa na madaktari wa kliniki ya watoto, nikashuka.

Jalal alikuwa bado ameushika ule mkono. Bi Rumaisa alikuwa na macho wazi. Alikuwa ameisikia mvua, nadhani ilimrudisha kidogo. Nikapiga magoti, nikamwinua, nikamwegemeza kifuani mwangu.

"Kunywa, Mama."

"Nimefunga."

"Hapana."

"Mpaka magharibi." Sauti ilikuwa kama karatasi. "Wape watoto."

"Watoto wamekunywa mpaka matumbo yametokeza. Kuna maji. Umesikia? Matangi yanajaa."

Akafumba macho, midomo imebana. Mkaidi kama nini! Nilikuwa nimelowa chepechepe, na ndipo nikaanza kulia, mimi ambaye Darweshi hajawahi kuniona nikilia.

"Mama, nisikilize. Kufunga huku si kwa Mungu. Mungu anakujua, wewe ni msafiri, wewe ni mgonjwa, hajakuomba. Kufunga huku ni kwa ajili yangu, kwa lile neno nililokuambia. Nalirudisha. Nimelirudisha mbele ya mjukuu wako huyu. Fungua."

Nilisikia maji yakimwagika tangini upande wa pili wa ubao.

"Ulisema kweli," akasema. "Nilipiga hesabu. Nikipungua mimi mmoja, nyinyi mnafika."

"Tukifika bila wewe, Mama, tumefika na nini? Na mimi pale ploti nitagombana na nani?"

Kitu kikamtembea kwenye midomo ile iliyopasuka. Akafungua macho, akanitazama, mimi, muda mrefu kuliko alivyonitazama tangu aliponijua. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu ulioshika kikombe, akakivuta, akanywa. Akanywa polepole, akapumzika, akanywa tena, maji mengine yakimteremka kidevuni. Darweshi alikuwa ameshuka, amesimama hapo kwenye ngazi na jagi limejaa, amenyoosha mkono.

Bi Rumaisa hakumtazama. Alinirudishia mimi kikombe, kitupu.

"Ongeza," akasema.